Nilitaka Kuwa Mkunga

Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya soko la Kamina, upande ambao upepo ukitoka relini ulileta masizi mpaka kwenye nguo tulizoanika. Tulikuwa Waislamu katikati ya majirani Wakatoliki. Babu yangu alikuja kutoka Maniema akifuata biashara, akaoa huku, akafia huku. Baba alirithi ile biashara. Alikuwa akishuka Bukama kununua samaki wakavu waliotoka kwenye maziwa, anawapakia kwenye treni, anawauza kwa watu wa reli na kwa wanawake wa vijijini. Nyumba nzima ilinuka samaki. Nilipokuwa mdogo nilidhani ile ndiyo harufu ya dini yetu, kwa kuwa nyumba za Wakristo hazikunuka hivyo.

Jirani yetu wa karibu alikuwa Muluba, mfanyakazi wa njia ya reli. Mke wake nilimwita mama, na mtoto wao wa kike alikuwa wa umri wangu. Asubuhi mwenzangu alikwenda shule ya masista, mimi nilikwenda chuoni kwa mwalimu wetu kusoma Kurani. Alasiri tulikutana uani kutwanga muhogo, na tukichoka tulichora chini kwa kijiti. Yeye alinionyesha herufi zake, mimi nilimwonyesha zangu zinazokwenda kutoka kulia. Zake nilizishika haraka. Kabla mvua za mwaka ule hazijaisha nilikuwa nasoma maandishi yaliyokuwa kwenye magunia ya baba, na baba alicheka kwa furaha akawaita wateja waje wanisikilize.

Vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha, lakini nguo zilikuwa bado adimu dukani. Siku moja mchana yule mama jirani akashikwa na uchungu. Mume wake alikuwa kazini mbali na mji, mwenzangu alikuwa shuleni. Akaniita nimbebee kifurushi chake mpaka nyumba ya kuzalishia, tuliyoiita maternite. Tulikwenda polepole. Kila uchungu ulipokuja alisimama, akashika bega langu, akavuta pumzi, kisha tukaendelea.

Mimi nilipaswa kubaki nje. Lakini msaidizi alikuwa amekwenda kuchota maji, na mkunga akatoa kichwa mlangoni akaniambia niingie nishike beseni. Alikuwa mwanamke Muluba, bado kijana, amefundishwa na masista, amevaa blauzi nyeupe iliyopigwa pasi. Sikuwahi kumwona mwanamke mweusi akisikilizwa namna ile. Hakupaza sauti. Alimwongoza yule mama kama mtu anayemvusha mgeni mto asioujua: hapa ngoja, hapa pumzika, sasa twende. Mikono yake ilijua mambo ambayo macho yangu hayakuyaona. Mtoto akatoka, akalia, na nilipokuwa bado nimeduwaa nikajikuta nimepewa nimshike, yu moto na mzito kuliko nilivyodhani.

Mkunga alinitazama akaniuliza, “Weye hauogope damu?”

“Siogope, mama.”

“Basi kazi hii unaweza.”

Pengine alisema tu, kama mtu anavyomsifu mtoto aliyebeba maji bila kumwaga. Mimi nililichukua neno lile nikaenda nalo nyumbani, nikalala nalo. Kuanzia siku ile sikutaka kitu kingine. Nilipomsimulia mwenzangu niliyoyaona, nilisimulia mpaka yeye naye akawaka kwa hamu. Kabla ya hapo alikuwa anasema atakuwa sista. Sasa akasema tutafanya kazi pamoja, yeye zamu ya mchana, mimi ya usiku, na tulipokuwa tunapepeta unga tulikuwa tayari tunagombana ni nani atakayekuwa mkubwa wa mwenzake.

Mama jirani ndiye aliyenipeleka kwanza kwa sista mkuu. Watu walimwita Masera. Alikuwa Mzungu mzee aliyesema Kiluba kama mtu wa Kamina na Kiswahili cha kuungaunga. Akanipa kitabu nisome. Nikasoma. Akaniambia nimlete baba yangu.

Nilimwambia baba baada ya chakula, alipokuwa ananawa mikono. Nilitegemea atakasirika. Alimaliza kunawa, akajifuta, akaniuliza kama kweli ninataka. Nikasema ndiyo. Akasema basi kesho tutakwenda.

Alivaa kanzu yake ya Idi na kofia, akatembea mbele yangu barabarani mpaka misheni. Watu walisimama kututazama. Wakatoliki walishangaa, na Waislamu wawili watatu waliokuwa sokoni walishangaa zaidi. Masera alitupokea barazani, akatupa viti na maji ya kunywa, akaulizia biashara, na baba akaulizia afya ya masista wenzake. Kisha Masera akasema neno lililotuleta.

“Mutoto iko na akili. Minyi nataka sana aingie. Lakini hapa kila mutoto anasoma katekisimu, na akiwa tayari anabatizwa. Bila ubatizo hawezi kufika kwenye kazi ya maternite.”

Baba alikunywa maji kidogo. “Masera, kusoma maneno yenu sikatai. Maneno hayaui muntu. Lakini ubatizo, hapana. Dini nilipewa na baba yangu. Haiko yangu, niitoe.”

“Amri inatoka juu,” alisema Masera. “Haiko mu mikono yangu.”

“Na kwangu pia,” baba alimjibu taratibu, “haiko mu mikono yangu.”

Niliwatazama wote wawili, mmoja na kofia yake, mwingine na kitambaa chake cha kichwani, na sikuona ubaya katika uso wa yeyote. Masera macho yake yalikuwa mekundu. Laiti mmoja wao angepiga kelele, ningepata mtu wa kumchukia, na chuki ingenisaidia. Baba akashukuru kwa maji, tukaondoka. Tulipokaribia soko akasimama, akajifanya anarekebisha kiatu, akasema bila kunitazama, “Mwanangu, kama ingekuwa muzigo wa kubeba, ningekubebea.”

Baada ya hapo mwenzangu aliendelea na shule, mimi nikaendelea na samaki. Nilikuwa nachagua walioanza kuliwa na wadudu, nawatenga, nawaanika upya. Mama jirani aliona nilivyopoa. Siku moja akaniita jikoni kwake akaniambia nihamie kwao, nibatizwe, nisome. Alisema baba yangu atakasirika, kisha atapoa, kwa maana hakuna baba anayemtupa mtoto wake milele. Alisema kwa upendo. Nilirudi nyumbani nikiwa na njia mbili kichwani, na kwa majuma mengi nilizitembea zote mbili. Asubuhi nilikuwa mkunga. Jioni, baba aliponiita nimletee maji ya udhu, nilikuwa binti yake tena. Sikupata kujua ningechagua ipi, kwa sababu kabla sijachagua, kaka mkubwa wa baba alifika kutoka Kongolo.

Habari ilikuwa imemfikia kwamba mdogo wake ameonekana misheni, amevaa kanzu, anampeleka binti yake kwa masista. Alikaa na baba chumbani kwa muda mrefu. Hawakugombana. Baba mkubwa aliongea, baba alisikiliza, kwa kuwa ndivyo mdogo anavyokaa mbele ya kaka yake. Walipotoka, mume wangu alikuwa amekwisha kupatikana.

Mama alinifuata uani, akaniuliza kama ninamkubali. Kwetu, mwali akinyamaza amekubali. Mimi nilinyamaza kwa kuwa sikuwa na neno lolote mdomoni. Nilitafuta “ndiyo,” nikatafuta “hapana,” yote mawili sikuyaona. Mama alingoja, kisha akainuka akaingia ndani, na nikasikia wanawake wanapiga vigelegele.

Mume wangu alikuwa mtu mzima, mpole, anayecheka kwa nadra. Duka lake lilikuwa kwenye kituo kidogo njiani kwenda Luena, mahali ambapo treni zilisimama kunywa maji. Kulikuwa na nyumba ya shefu wa gare, yaani mkuu wa kituo, nyumba chache za wafanyakazi wa njia, na kijiji kilichokuwa nyuma ya miti. Tuliuza chumvi, sabuni, vitambaa na mafuta ya taa. Nilijifunza kukata kitambaa kwa mkasi bila kupinda, na kumtambua kwa mwendo wake mteja anayetaka kununua na yule anayetaka mazungumzo tu. Hakunipiga, hakuninyima chakula. Niliposema nina huzuni, aliniuliza ninaumwa wapi.

Kila Idi nilikwenda Kamina kuwasalimu wazazi. Mwenzangu sasa alikuwa anajifunza kazi ya ukunga. Nilipofika tu nilimvuta pembeni nikamwambia anieleze kila kitu, na yeye, ambaye hakuwa mchoyo, alinieleza. Alichukua mto na kitambaa kilichofungwa kama mtoto, akanionyesha jinsi mtoto anavyogeuka, jinsi kichwa kinavyotoka, wapi pa kushika na wapi usiguse. Alinifundisha kuchemsha maji na wembe, kunawa mpaka viwikoni. Nilimeza yote. Nilirudi kituoni nikiwasimulia wanawake, na wanawake, kwa kuwa hapakuwa na mwingine, wakaanza kuniita mtoto anapokaribia kuzaliwa. Nilikaa na bibi wazee, nikahimiza maji yachemshwe, watoto wakazaliwa wenyewe kama watoto wengi wanavyozaliwa. Lakini sifa zilinijia mimi. Wengine walianza kuniita munganga, yaani daktari. Sitasema sikupenda.

Kisha ikafika zamu ya mke wa mfanyakazi mmoja wa njia. Alikuwa mwanamke mchangamfu, mtani wangu, aliyekuja dukani kila siku kunusa sabuni bila kununua. Mimba hiyo ilikuwa ya mtoto wake wa pili. Uchungu ulimshika asubuhi. Bibi wazee walikaa naye, na jua lilipopanda wakatuma niitwe. Nilinawa mpaka viwikoni. Nilipofunua shuka nikaona kilichotangulia si kichwa. Ulikuwa mkono, mdogo, wa rangi ya zambarau, vidole vimefumbwa.

Mwenzangu alikuwa ameniambia habari hiyo pale uani kwetu, akiwa na ule mto magotini. Alisema, ukiona mkono umetangulia, usivute, usisukume, hapo ni kazi ya munganga wa hospitali. Hilo ndilo nililolijua. Kinachofuata baada ya hapo, yale ambayo mikono ya munganga inafanya, hakuna mtu aliyewahi kunifundisha.

Bibi mmoja alitaka kuvuta ule mkono. Nikamzuia. Wote wakanitazama.

“Basi fanya weye,” alisema yule bibi. “Weye njo unajua.”

“Minyi sijue, mama. Ninajua tu kama hapa hakuna mwenye anajua.”

Mama aliyekuwa anateseka alinisikia. Aligeuza kichwa ukutani.

Nilikimbia kwa shefu wa gare, nikamweleza. Alikuwa mtu wa watu. Akasema treni ya mizigo ya kwenda Luena, kwenye hospitali, itasimama kuchukua maji alasiri, naye atasema na machinisti, dereva wake. Hapakuwa na jingine la kufanya ila kungoja. Tulimweka mgonjwa kivulini. Mume wake aliletwa kutoka kazini, akasimama na koleo lake mkononi kama aliyesahau kuliweka chini. Treni ikafika, wanaume wakapakia godoro kwenye wagoni lililokuwa na magunia, wakamwinua, nami nikapanda pamoja na mume wake na bibi mmoja.

Treni ya mizigo haiendi haraka. Nililijua hilo tangu utotoni, lakini siku ile niliihesabia treni makosa, nikaiomba, nikaitukana moyoni. Mgonjwa alikuwa amenishika mkono. Wakati mmoja aliniuliza kama mtoto bado ni mzima. Nikamwambia ni mzima. Sikujua. Akaniuliza kama Luena iko karibu, nikamwambia iko karibu.

Kisha treni ikapunguza mwendo, ikaingia njia ya pembeni, ikasimama. Njia kuu ilikuwa moja tu, na treni ya abiria ilikuwa inakuja kutoka upande wa pili. Ilibidi ipite kwanza. Mume wake aliruka chini akakimbia mbele kusema na machinisti. Nilimwona kwa mbali anaonyesha kidole kwenye wagoni letu, na machinisti anafungua mikono. Yule machinisti hakuwa mkatili. Angeondoka pale, treni mbili zingegongana. Tukangoja. Nyasi zilikuwa ndefu kando ya reli, na panzi walikuwa wanalia. Nilimfuta jasho mgonjwa kwa ncha ya kitenge changu. Nilikuwa na maneno yote ya ukunga kichwani, moja baada ya jingine, na hakuna hata moja lililofaa.

Alikufa kabla ile treni haijapita. Aliacha mkono wangu polepole, nikadhani amelala. Bibi ndiye aliyejua kwanza, akafunika uso wake. Kisha treni ya abiria ikapita kwa kishindo, madirisha yamejaa watu, na watoto waliokuwa ndani wakatupungia mikono.

Luena, munganga alikuja mwenyewe na machela kwenye gare, kwa sababu shefu wetu alikuwa ametuma habari. Aliinama, akatazama, akauliza ni nani aliyekataza mkono usivutwe. Nikasema ni mimi. Akaniambia nilifanya vizuri, akaniuliza nimesomea wapi.

Tulimzika yeye na mtoto wake. Siku chache baadaye mume wake alikuja dukani akiwa amebeba kuku. Akamweka mbele yangu.

“Weye ulisema kweli tangu mwanzo,” alisema. “Wafwako.”

Kwa Kiluba hayo ndiyo asante. Kuku yule sikuweza kumchinja. Alibaki uani kwetu mpaka akazeeka. Wanawake waliendelea kuniita, na sikuweza kukataa, kwa maana kukataa kungekuwa kama kusema namwachia mtu afe peke yake. Lakini nilipofika nilikaa upande wa kichwa, nikashika mkono, nikafuta jasho. Upande wa pili niliwaachia bibi wazee. Aliyeniita munganga nilimwomba aache.

Wazungu walipoanza kujenga kituo chao kikubwa cha jeshi karibu na Kamina, watu wengi walikuja kutafuta kazi, na mume wangu akaona duka letu litafaa zaidi mjini. Tukarudi. Hapo ndipo nilipopata mimba iliyokaa, baada ya nyingine zilizotoka mapema. Nilikwenda kuzaa maternite, na aliyenipokea mlangoni, amevaa blauzi nyeupe, alikuwa mwenzangu.

Kati ya uchungu mmoja na mwingine nilitazama mikono yake. Ilikuwa imekwisha kuwa mikono yenye kujua. Nilimwonea fahari, nikamwonea na wivu, vyote viwili pamoja, na uchungu ukija vyote viwili viliondoka. Alipomaliza, mtoto wa kike akiwa kifuani kwangu, aliketi ukingoni mwa kitanda kana kwamba yeye ndiye aliyechoka.

“Ungekuwa weye hapa,” aliniambia, “ungenipita.”

Nilimsimulia habari ya yule mama wa kituoni. Sikuwa nimemsimulia mtu yeyote yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwamba hata yeye, siku ile, bila munganga, asingeweza. Alisema kunifariji. Nilimwamini, lakini haikunifariji. Kama hata yeye asingeweza, basi nililolililia miaka yote lisingetosha kumwokoa mtu niliyemtaka aokoke.

Mtoto wangu alipofikia umri wa kusoma, serikali ilikuwa imefungua mjini shule isiyokuwa ya misheni. Hapo hakuna aliyeulizwa dini yake. Baba, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia, alinisikiliza nikimweleza, akaniuliza mara mbili kama ni kweli kwamba hawabatizi. Nilipomhakikishia, akasema, “Imechelewa kidogo.” Kisha akazungumza mambo mengine.

Nilimpeleka binti yangu. Mwalimu alikuwa kijana, aliniita mama kwa heshima. Nikamuuliza, kama anayeuliza kwa niaba ya jirani, ikiwa mtu mzima anayejua kusoma anaweza kuingia, akafika mpaka kwenye kazi ya hospitali. Akatabasamu, akasema shule ni ya watoto. Nikasema ndiyo, nilijua.

Basi nikaweka kwa binti yangu kila kitu. Nilimnunulia kitambaa cheupe cha kumshonea mwanasesere wake. Nilimsimulia jinsi mtoto anavyogeuka tumboni, kama hadithi nyingine zinavyosimuliwa. Mwenzangu akanikubalia nimlete siku moja maternite, atazame tu, akiwa msichana mdogo wa kusimama mlangoni. Tuliingia. Kulikuwa na beseni lenye damu kidogo. Binti yangu alilitazama, akageuka, akatoka nje, na nilimkuta ameinama kando ya ukuta anatapika. Nilimfuta mdomo. Akaniomba tusirudi tena.

Nilimngoja miaka. Nilidhani atabadilika, kama watoto wanavyobadilika kuhusu mboga. Hesabu alizipenda, shule aliipenda, lakini akitoka shule alikimbilia dukani kwa baba yake. Siku moja, tukiwa tunachambua sombe, majani ya muhogo, nilimuuliza waziwazi anataka kuwa nani. Hakufikiri hata kidogo.

“Nataka kuuza vitambaa, mama. Kama baba.”

Nilitaka kumwambia juu ya kanzu ya baba yangu barabarani, juu ya Masera na macho yake, juu ya mkono ule mdogo wa zambarau. Niliona uso wake, ulivyo wazi, hauna habari. Mlango nilioukosa ulikuwa wazi mbele yake, naye hakuutaka, na mimi sikuwa na nguvu ya kumpitisha zaidi ya baba alivyokuwa na nguvu ya kunipitisha mimi.

Nikamwambia, “Vizuri.” Akainuka akaenda dukani, kwa kuwa mteja alikuwa ameita. Kutoka jikoni nilimsikia akimsifia mwanamke mmoja rangi ya kitambaa, sauti yake imejaa furaha, na yule mwanamke akicheka, akimwambia apime zaidi kidogo.